Jasho, maji na baridi yabisi: maswali ya wasomaji

Oktoba ya Lubumbashi ni ileile kila mwaka: jua limekaza, mvua bado haijashuka, na barua za wenye baridi yabisi zinaongezeka. Mwezi huu karibu zote zinauliza habari za jasho na maji, kwa hiyo tumezipa safu nzima.

Tukisema baridi yabisi hapa hatumaanishi kila goti linalouma. Tunamaanisha ule ugonjwa wa kudumu ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo: vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na asubuhi mwili umekaza saa nzima au zaidi. Ndugu zake ni ule wa uti wa mgongo na ule unaoandamana na soriasisi ya ngozi. Jina lake limewapotosha wengi. Ugonjwa huu haukuletwa na baridi, wala na maji ya kunywa.

Nauza makala (mkaa) Katuba, niko na miaka 47. Mwezi uliopita dokta alinichoma sindano gotini akatoa maji mengi. Tangu siku hiyo dada yangu ananikataza kunywa maji, anasema yote yanashukia gotini. Na jua hili, nitafanyaje?

Kunywa, mama. Maji ya gotini hayatoki kwenye kopo.

Kila kiungo kina utando mwembamba kwa ndani, unaotoa ute wa kulainisha. Katika goti zima ute huo ni kidogo, hata kijiko cha chai haujazi. Ugonjwa ukiwaka, utando unanenepa, vijishipa vyake vya damu vinavuja, na goti linajaa. Ukijinyima maji goti litabaki limevimba vilevile, ila sasa utaongeza kichwa kuuma, kizunguzungu na choo kigumu. Goti linalojaa tena baada ya kutolewa maji linasema kwamba dawa ya kutuliza ugonjwa haijatosha. Hiyo ndiyo habari ya kumpelekea dokta. Na likiwa goti hilo moja tu limekuwa jekundu, la moto, linauma hata bila kuguswa, nawe una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo: vijidudu vikiingia ndani ya kiungo vinaweza kukiharibu kwa siku chache.

Kuhusu kiasi: mwanamke mzima anahitaji takriban lita 2 kwa siku, mwanamume lita 2.5, na humo yamehesabiwa maji ya chakula, ambayo ni kama sehemu moja ya tano. Bukari (ugali), sombe (kisamvu), papai na mchuzi vyote vina maji. Kwako wewe cha kunywa chenyewe ni kama lita 1.6 siku isiyo na jasho jingi. Kwenye meza ya makala juani, ongeza nusu lita hadi lita nzima.

Shida ni kwamba watu wengi hawajui kopo lao linachukua nini. Jaza chupa ya lita moja na nusu, mimina ndani ya kopo lako la kila siku, hesabu. Makopo ya plastiki ya sokoni yanatofautiana: moja linachukua mililita 250, lingine karibu 500. Anayesema amekunywa makopo manne huenda amekunywa lita moja, huenda mbili. Ukishajua la kwako, piga alama kwa wino usiofutika.

Mwenye moyo uliochoka au figo ambazo dokta amezipimia maji asifuate hesabu hii. Afuate ya dokta wake.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, Kampemba, miaka 39. Nameza methotreksati kila Jumamosi. Maumivu yakizidi naongeza diklofenaki ya farmasi, mara mbili tatu kwa siku. Kazini natoka jasho mpaka nguo inakamulika, na mkojo ni kidogo, wa rangi ya chai. Wiki iliyopita niliharisha siku mbili nikaendelea na dawa zote. Kuna ubaya?

Upo, ndugu, na tunakuomba usome jibu hili mpaka mwisho hata kama ni refu. Katika barua yako kuna vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: methotreksati, yaani dawa ya kila wiki ya kutuliza kinga, diklofenaki na mwili uliokauka.

Figo zinachuja damu kwa msukumo. Mwili ukipungukiwa maji, msukumo unashuka; hapo figo inatoa kemikali iitwayo prostaglandini, inayopanua mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kichujio, ili kazi iendelee. Diklofenaki, ibuprofeni na indometasini zinatuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini hizohizo. Mtu mwenye maji ya kutosha na figo nzima kwa kawaida anavumilia. Aliyepoteza lita mbili za jasho, mlango ambao figo ilikuwa inajiokoa nao umefungwa. Na methotreksati inatoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikilegea, dozi ya Jumamosi inabaki kwenye damu ikiendelea kufanya kazi, na inapiga palipo na seli zinazozaliwa upesi: mdomo, utumbo, na uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana dalili ya mapema mara nyingi ni vidonda mdomoni. Ukiviona, au ukiona fizi zinatoka damu, homa, au kikohozi kikavu na pumzi fupi, usimeze dozi inayofuata. Nenda ukapimwe damu.

Leo au kesho, kabla ya Jumamosi, pima kreatinini (kipimo cha figo), ini na hesabu ya damu. Ni vipimo vya kawaida kwa kila anayetumia methotreksati, kila miezi michache hata akijisikia mzima. Mwambie dokta waziwazi idadi ya vidonge vya diklofenaki unavyomeza. Wengi wanaificha kwa sababu waliinunua wenyewe, na dokta anabaki anahesabu dawa nusu. Ukihitaji kila siku dawa ya maumivu juu ya methotreksati, kwa kawaida maana yake ni kwamba matibabu ya msingi yanahitaji kupangwa upya. Kuongeza vidonge vya farmasi hakutatui hilo. Muulize pia kuhusu asidi foliki kama hujapewa. Inapunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu.

Siku ya kuharisha au kutapika ina sheria yake. Methotreksati ya wiki hiyo isubiri mpaka uongee na dokta. Diklofenaki na ndugu zake simamisha. Mwenye dawa za presha kama enalaprili au kaptoprili, vidonge vya kukojoza, au metfomini ya sukari, amuulize dokta siku hiyohiyo, maana nazo zinaelemea mwili uliokauka. Prednisoloni ni kinyume chake: aliyeimeza zaidi ya wiki tatu hivi haachi ghafla hata akiugua, kwa sababu inafanana na homoni ya mwili wenyewe: mwili umezoea kuipata kutoka nje na tezi zinazoitengeneza zimelala. Akiitapika, hospitali.

Kinachorudisha maji ni pakiti ya SRO, yaani unga wa chumvi na sukari (ORS), kwenye lita moja kamili ya maji safi. Usipunguze maji ili iwe kali. Ikiwa nzito inazidisha kuhara. Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, nayo isawazishwe. Onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Imalize ndani ya saa 24, inayobaki mwaga. Maji yenyewe yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja, yapoe yamefunikwa. Katika mji ambao kipindupindu kinarudi mara kwa mara, mtu anayetumia dawa za kushusha kinga hana nafasi ya kubahatisha na maji ya kisima.

Sasa jasho la kazini. Tafuta mizani, hata ya farmasi jirani. Jipime kabla ya kazi na baada ya kazi, ukiwa na kaptula kavu na umejifuta. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji. Ukipungua kilo 1.5, rudisha kama lita 2 na robo ndani ya saa chache zinazofuata, maana sehemu ya unachokunywa itatoka kwa mkojo. Ukifanya hivyo siku tatu za joto utaijua kazi yako inakula lita ngapi, na hutahitaji mizani tena. Wakati wa kazi, kopo dogo la mililita 200 kila dakika 20 linafaa kuliko kugugumia lita nzima mchana. Usipite lita 1.4 kwa saa: maji mengi mno kwa mkupuo yanazimua chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, watu huzidhani kiu.

Chumvi ya ziada huihitaji kama unakula kawaida. Mwenye presha au anayemeza prednisoloni hasa asiongeze, kwa sababu prednisoloni inashika chumvi na maji mwilini.

Na jambo la mwisho, fupi lakini zito: usikubali Bactrim, yaani kotrimoksazoli, kutoka kwa mtu asiyejua kwamba unameza methotreksati. Zikikutana zinaweza kuzima uboho. Itaje methotreksati kila unapoingia farmasi, na useme ni ya mara moja kwa wiki. Kuna watu wameimeza kila siku kwa kudhani ni kama dawa nyingine, na hilo linaua.

Salazopyrine imefanya jasho langu kuwa la njano, blauzi nyeupe ya kanisani imeharibika kwapani. Ni ini?

Kwa kawaida hapana, dada. Salfasalazini, ndiyo dawa iliyo ndani ya Salazopyrine, ina rangi ya machungwa, na inatoka na mkojo, machozi na jasho. Ila macho yakiwa ya njano kwenye weupe wake, mkojo ukawa kama kahawa na choo kikapauka, hilo ni jambo la ini, pima.

Rangi hii ina hila moja. Mwenye salfasalazini hawezi kujua kwa rangi ya mkojo kama amekunywa maji ya kutosha, na vivyo hivyo anayetumia rifampisini ya kifua kikuu. Tumia hesabu: kukojoa mara tano hadi saba kwa siku, kiasi cha kutosha kila mara. Dawa yako inahitaji maji hasa, maana mkojo mzito unaweza kuifanya igande kuwa chembechembe ndani ya figo. Kwa blauzi, vaa fulana ya pamba ndani, uifue siku hiyohiyo kabla jasho halijakauka.

Mama yangu ana miaka 64, ugonjwa umemshika miaka 12, vidole vimepinda. Tunaishi Ruashi. Tunamwekea maji lakini hanywi. Juzi tumegundua sababu: choo kiko nyuma ya parseli (kiwanja), ni cha kuchuchumaa, na usiku anaogopa kuanguka. Anajinyima ili asiende.

Umegusa penyewe, dada. Wenye baridi yabisi wengi wanajua vizuri kwamba maji ni muhimu. Wanachohesabu ni safari: kuinuka, kutembea, kuchuchumaa, kushika ukuta, kuinuka tena. Kila kopo ni safari moja. Kumhimiza mama anywe bila kurekebisha choo ni kumwongezea mateso. Anzeni na choo, maji yatafuata.

Seremala atengeneze stuli ya mbao yenye tundu, ya kukaa juu ya shimo. Mpimeni mama kwanza: kiti kifike kimo cha goti lake akiwa amesimama, au kizidi kwa vidole viwili. Kwa watu wazima wengi ni sentimita 45 hadi 50. Kikiwa chini zaidi, kuinuka kutamlazimu ajisukume kwa viganja, na viganja ndivyo vinavyouma. Miguu minne ifunguke nje kidogo, isimame kwenye saruji, isikanyage mbao za kufunikia shimo. Mbao isuguliwe kwa msasa na kupakwa rangi ya mafuta, ili ioshwe bila kunywa mkojo. Watu hupenda kukata tundu kwenye kiti cha plastiki kwa sababu ni bei nafuu. Plastiki iliyokatwa katikati huanza kupasuka kwenye kingo za tundu, ufa hauonekani mpaka mtu ameshakalia, na nyonga iliyovunjika ni msiba mkubwa kuliko bei ya stuli.

Pembeni fungeni mti laini au bomba, limelala usawa wa kiwiko chake akiwa amekaa, upande wa mkono wenye nguvu. Akiinuka aegemeze mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo na kusukuma chini. Asivute kwa vidole. Kuvuta kunavizidisha kupinda.

Usiku asitoke kabisa. Stuli ya pili kama hiyo iwe chumbani, chini yake ndoo yenye kifuniko na maji kidogo ya sabuni ndani ili harufu isikae. Mtu wa nyumbani aimwage asubuhi, bila maneno. Mzazi anayeona ndoo yake inamwagwa kwa kununa ataacha kunywa tena.

Saa za kunywa pia zinasaidia. Theluthi mbili ya maji ya siku ziishe kabla ya saa kumi jioni, na saa mbili za mwisho kabla ya kulala awe anaonja tu. Kopo la kwanza liwe kando ya kitanda tangu usiku, limefunikwa, pamoja na dawa ya asubuhi: saa ya kuamka ndiyo saa ambayo mwili wake umekaza zaidi, na kumtaka afike jikoni ndipo anywe ni kumwahirishia kiu mpaka saa nne.

Mikono yake nayo inahitaji vifaa. Kopo liwe na mashikio mawili, lijazwe nusu. Mshikio mwembamba unabana vifundo vya vidole. Uzungushieni ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, mizunguko minne au mitano, mpaka unene ufike sentimita tatu hivi. Chupa ya mwanafunzi yenye mrija inafaa hata zaidi, anainama kidogo na kunyonya bila kuinua kitu. Bidoni la lita 20 lina uzito wa kilo 20 na zaidi, asiliguse. Maji yake yawe kwenye ndoo yenye robine (koki), juu ya meza, na robine iwe ya mkono wa kusukuma. Ya duara ya kukamata na kuzungusha itamshinda. Vifuniko vya chupa mvilegeze jioni.

Mkiona anakojoa mara mbili tu kwa siku, au analalamika mkojo unachoma, au amechanganyikiwa ghafla, mpelekeni. Kubana mkojo na kukosa maji kunakaribisha vijidudu kwenye njia ya mkojo, na kwa mtu wa umri wake kuchanganyikiwa kunaweza kutangulia homa.

Nakaa komini ya Kenya hapa Lubumbashi, natumia prednisoloni. Kila usiku naamka nimeloana, shuka inabidi nibadilishe. Ugonjwa wenyewe ndio unanitoa jasho?

Unaweza kuwa wenyewe, mama; baridi yabisi inapowaka mwili unapata joto kidogo na jasho la usiku. Prednisoloni nayo inatoa jasho, hasa ikimezwa jioni. Imeze asubuhi na chakula. Tramadoli, dawa ya maumivu, pia inatoa jasho. Hata parasetamoli inaweza kukudanganya: ukimeza saa tatu usiku ukaloana saa tano, huenda ni homa inayoshuka, yaani homa ilikuwepo nawe hukuipima.

Lakini kubadilisha shuka kila usiku hatulipitishi hivihivi kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa. Pima malaria kwanza. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, au umepungua uzito bila kutaka, omba kipimo cha makohozi cha kifua kikuu. Dawa hizi zinaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala miaka mingi. Umri wa kukoma hedhi nao unaleta jasho la namna hii, ila tusiusingizie kabla ya vipimo.

Kwa siku saba weka kipimajoto na daftari kando ya kitanda. Andika saa uliyoamka, joto kabla ya kumeza chochote, na dawa ulizomeza jioni. Prednisoloni inaficha homa, kwa hiyo hata 37.8 ichukulie kwa uzito, na 38 ni ya kwenda hospitali siku hiyo. Daftari hilo litamsaidia dokta kuliko maelezo marefu. Na usiache prednisoloni mwenyewe ili jasho likome.

Kunywa kopo moja unapobadilisha shuka.

Shangazi ananifukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi ili ugonjwa utoke na jasho. Baada yake najisikia vizuri kweli.

Kujisikia vizuri ni kweli, sababu yake ni nyingine. Jasho ni maji na chumvi, na vitu vichache kwa kiasi kidogo mno. Kinga iliyogeuka kushambulia viungo haitoki kwa matundu ya ngozi. Kilichokusaidia ni joto: linalegeza misuli na kupunguza kukaza. Mwaka 2009 utafiti mdogo wa Uholanzi uliwaweka watu 17 wa baridi yabisi ya viungo na 17 wa uti wa mgongo kwenye sauna ya miale ya joto, mara 8 ndani ya wiki 4. Maumivu na kukaza vilipungua wakiwa ndani, ugonjwa haukuzidi, lakini nafuu ya baadaye haikuwa ya kutosha kuthibitisha kitu.

Mfukizo wa chungu una hatari zake. Kikipinduka ni maji ya moto mapajani. Mtu aliyetoka chini ya blanketi akiwa amepoteza maji anaweza kuzimia anaposimama. Na kubwa zaidi ni mbabula, jiko la makala. Makala yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa, au karibu na blanketi, yanatoa hewa isiyo na harufu inayoua mtu akiwa anasinzia. Mbabula isiingie ndani, kamwe.

Joto unalolitafuta utalipata kwa taulo lililochovywa maji ya moto yanayovumilika kwa mkono, likakamuliwa, likawekwa kwenye kiungo kilichokaza dakika 15 hadi 20. Kiungo ambacho tayari ni cha moto na kimevimba kinataka kitambaa cha baridi. Mjamzito, mwenye presha isiyotulia au mwenye homa asifukizwe.

Nikitembea natoka jasho na viungo vinauma. Niache?

Usiache, punguza. Kipimo ni hiki: maumivu yakizidi kwa zaidi ya saa mbili baada ya kumaliza, ulipita kiasi, kesho fanya theluthi pungufu. Asubuhi sana mwili umekaza na mchana jua ni kali, kwa hiyo saa kumi na moja jioni inafaa. Kopo moja nusu saa kabla.

Munkoyo (kinywaji chetu cha mahindi), bia na kahawa vinahesabiwa kama maji?

Kahawa na chai, ndiyo. Vikombe vitatu vinne havikaushi mwili. Munkoyo wa siku hiyohiyo uliopikwa na maji yaliyochemka, ndiyo, ila angalia sukari. Munkoyo uliokaa umeanza kulewesha, uhesabu kama pombe. Bia haihesabiwi: pombe inakojoza, na pamoja na methotreksati inaelemea ini. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, usiiguse. Mwenye jongo, ule ugonjwa wa asidi ya yuriki unaovimbisha kidole gumba cha mguu usiku mmoja, ajue kwamba bia na kukaukiwa maji kila kimoja kinaweza kumwamsha na maumivu, na kwa pamoja ni vibaya zaidi.

Vidole vyangu vya miguu vimepandana. Kati yake ngozi imekuwa nyeupe, laini, inanuka. Nakaa Kamalondo.

Ni jasho lililokosa njia ya kukauka, na sasa pengine fangasi wameingia. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida kila jioni. Vidole vilivyopandana haviachanishwi kwa nguvu: chukua ukanda wa pamba laini wa upana wa vidole viwili, upitishe katikati ya vidole, uvute taratibu mbele na nyuma kama unavyopitisha uzi. Kila nafasi ukanda mkavu. Kisha paka krimu ya fangasi, klotrimazoli, mara mbili kwa siku, kwa wiki nne, hata ngozi ikionekana imepona wiki ya pili. Wanaoacha mapema wanarudi na kidonda kilekile. Mchana weka kipande kidogo cha pamba kati ya vidole, ubadilishe kikiloana. Soksi za pamba, viatu viwili vya kupokezana ili kimoja kikauke siku nzima. Ngozi ikichanika, ikawa nyekundu kupanda juu ya mguu, nenda hospitali usisubiri. Kwa anayetumia dawa za kinga, ufa kati ya vidole ni mlango wazi.

Nakunywa lita tatu kwa siku na mdomo bado mkavu, macho yanakwaruza kama mchanga. Niongeze maji?

Usiongeze, papa. Ukavu wa namna hiyo hautokani na upungufu wa maji. Kwa baadhi ya wenye baridi yabisi, kinga ileile inashambulia pia tezi za mate na machozi, na maji yanapita bila kuzilainisha. Lita tatu zinakukojoza tu usiku. Kama unameza prednisoloni, pima kwanza sukari ya damu, maana kiu na mkojo mwingi ni dalili zake pia. Sukari ikiwa sawa, mwambie dokta neno hili: mdomo mkavu na macho makavu kwa zaidi ya miezi mitatu. Dawa za mzio na amitriptilini zinazidisha. Mtajie kama unazitumia. Wakati huo, onja maji kidogo kidogo, tafuna ubani usio na sukari, na piga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floridi, kwa sababu meno yasiyo na mate yanaoza kuanzia kwenye ufizi.